Saa Moja Mapema

Nilipoandika namba mbili kwenye karatasi ya Uingereza sikufikiri hata kidogo. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo, maana mimi ni mtu wa kufikiri kila jambo mara nne. Nikishafunga mlango hurudi kuusukuma. Nikishagundisha bahasha huifungua tena nione kama nilitia sahihi. Nikisalimiwa njiani hutembea nusu maili nikijiuliza kama niliitikia vizuri. Lakini ile mbili niliiandika kama mtu anavyoandika jina lake.

Ilikuwa mwaka wa sabini na moja. Nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza mwezi wa saba, nina digrii ya hisabati na cheti cha kuandika programu za kompyuta. Ofisi iliyoniajiri ilishughulika na miadi ya simu za nje. Siku hizo mtu wa Kisumu hakuweza kunyanyua simu tu akazungumza na ng'ambo. Alijaza fomu wiki nyingi kabla, akapewa siku, saa, na dakika tatu. Kisha akamwandikia barua jamaa yake aliye huko, amwambie asimame karibu na simu fulani saa fulani. Orodha za miadi ziliandikwa kwa mkono na zilikuwa na makosa mengi, ndipo wakubwa wakaamua kwamba kompyuta itaziandika.

Kompyuta yenyewe ilikuwa Nairobi, ndani ya chumba chenye baridi kali kuliko vyumba vyote nilivyokaa Uingereza. Niliandika programu hukohuko kwa muda wa miezi miwili, kisha nikarudishwa nyumbani Kisumu kuijaribu. Nilikuwa na meza, kabati, na dirisha lililotazama reli. Nilikusanya fomu za wateja, nikazihamishia kwenye karatasi za miraba, nikazipakia kwenye treni. Nairobi wanawake wawili waliyahamishia maandishi yake kwenye kadi kwa kutoboa matundu, mashine ikazisoma, na orodha iliyochapwa ikarudi kwa treni.

Kazi ya programu ilikuwa nyepesi kusimulia. Ichukue saa ya Kisumu, itazame nchi inayopigiwa, iongeze au ipunguze, kisha ichape saa mbili kando kwa kando, yetu na yao. Kila nchi ilikuwa na kadi yake. Nchi iliyonitesa ilikuwa India. Wao wametutangulia kwa saa mbili na nusu, nami nilikuwa nimetenga nafasi ya saa kamili tu. Ile nusu haikuwa na mahali pa kukaa. Nilihangaika nayo wiki mbili, nikabomoa programu na kuijenga upya ili ihesabu kwa dakika. Halafu nikaanza kuogopa usiku wa manane, kwa kuwa simu ya hapa Jumamosi inaweza kuwa ya kule Jumapili. Nikaogopa mwisho wa mwezi. Nikaogopa mwisho wa mwaka. Nilijaribu hata tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa pili.

Uingereza sikuijaribu. Nilikuwa nimeishi huko miaka mitatu, kuanzia mwaka wa sitini na nane, na miaka yote hiyo saa yao ilikuwa nyuma ya yetu kwa saa mbili, kiangazi na kipupwe. Nakumbuka asubuhi za Desemba watoto wakienda shule gizani na vitambaa vya kung'aa mikononi ili magari yawaone. Nilidhani ndivyo nchi ile ilivyo, nikaandika mbili. Kumbe ilikuwa miaka ya majaribio. Kabla yake walikuwa wakisogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, na mwaka huo niliorudi nyumbani bunge lao lilikuwa limeamua kurudia desturi ya zamani. Habari hiyo ilikuwa magazetini. Mimi nilikuwa nikifikiria nusu saa ya India.

Sasa nieleze habari ya baba.

Boma letu lilikuwa Nyakach, chini kule ambako ukishuka basi Katito bado una mwendo mrefu wa miguu. Miaka ya kuingia Uhuru ziwa lilipanda, likala mashamba, na liliposhuka halikurudisha yote. Tangu hapo kila masika maji yalifika mlangoni. Mama alikuwa akiweka kuni juu ya kitanda. Hatimaye baba alipata mahali palipoinuka, akataka kuhamia kiangazi cha Januari, kabla mvua haijarudi.

Lakini kwetu Wajaluo mtu hahami na kitanda chake tu. Siku ya kuanzisha boma jipya, baba hutoka na jogoo, mama hubeba moto, na mwana wa kwanza hubeba shoka. Asiwe mwana yeyote tu, awe wa kwanza. Mdogo akimtangulia mkubwa wake, balaa humrudia huyo mdogo, na wazee wana mifano mingi ya kukutajia, yenye majina na makaburi. Mwana wa kwanza wa baba alikuwa Uingereza tangu mwaka wa sitini na tano, kazini kiwandani, na hakuwa na likizo ya kumwezesha kuja na kurudi. Mwana wa pili nilikuwa mimi. Wazee wa ukoo walikaa wakaona njia moja. Mkubwa atamke mwenyewe kwamba amemwachia mdogo wake shoka, na baba amsikie kwa masikio yake.

Niliuliza kwa nini barua isitoshe. Baba hakujua kusoma.

"Barua itasomwa na nani?" akaniuliza.

"Na mimi."

"Na shoka litabebwa na nani?"

Nikajionyesha kwa kidole.

"Fisi hapewi mbuzi achunge," alisema, "hata akiwa fisi aliyesoma."

Basi ikabaki simu. Kaka alikuwa amepanga chumba kwa mwanamke asiye na simu, lakini pembeni mwa mtaa wao palikuwa na kibanda cha simu, naye alinitumia namba yake. Nilijaza fomu ya baba kwa mkono wangu, Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa kumi na moja jioni. Orodha ilirudi kutoka Nairobi imechapwa vizuri kabisa. Kisumu saa kumi na moja, Uingereza saa tisa mchana. Nikamwandikia kaka saa zote mbili. Nakiri kwamba nilijivuna kidogo. Baba hakujua kompyuta ni nini, lakini alijua kwamba mwanawe ndiye aliyepanga saa.

Jumapili iliyotangulia hiyo, ya mwisho ya Oktoba, nilikwenda ofisini kutazama simu zikipita. Mpokeaji simu wetu alikuwa mama mmoja wa makamo, mkazi wa mtaa wa Kondele, ambaye tangu siku ya kwanza aliniita Bwana Digrii. Simu ya India ilipita kwa dakika yake. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa, alizungumza na dada yake, akatoka kwenye kibanda cha simu cha ofisi yetu akiwa amefurahi, akanishika mkono. "Hii mashine yako iko sawa kabisa," akasema. "Dada anasema amekaa tu, kengele imelia."

Kisha zikaanza simu za Uingereza. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu haikujibiwa.

"Bwana Digrii," mama wa simu akasema bila kugeuka, "leo Uingereza yako imelala."

Ya nne ilijibiwa na mwenye nyumba wa kijana fulani. Mama wa simu alimsikiliza, akaziba kinywa cha simu kwa kiganja, akanitazama. "Huyu anasema kijana atakuja saa nane, na saa yake ya ukutani ni saa saba. Karatasi yako inasema sasa hivi ni nane. Nani muongo?"

Nilisimama pale na karatasi mkononi. Nilitegemea moyo ungenienda mbio, kama unavyokwenda nikisahau kufuli. Haukwenda. Kitu fulani kilitulia ndani yangu, kikawa kizito, na kwa wiki nyingi hakikuondoka.

Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja wa Kihindi, amevaa sari, aliyekuja kuzungumza na mwanawe. Simu yake ya saa kumi na moja ililia bila kujibiwa. Akaomba akae tu, huenda mtoto angechelewa. Njia ya Uingereza ilifungwa saa kumi na moja na nusu, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia ainuke. Alikaa mpaka saa kumi na mbili, kisha akakunja leso yake akaondoka. Nilipofika chumbani kwangu Kaloleni nikapiga hesabu. Saa kumi na mbili kamili, alipokuwa bado kwenye lile benchi, mwanawe alikuwa amesimama karibu na simu yake. Wote wawili walikuwa wakingojana kwa wakati mmoja, na njia ilikuwa imefungwa.

Jumatatu nilitafuta magazeti ya wiki zilizopita, nikaipata habari, mistari michache tu: usiku wa kuamkia Jumapili ile Waingereza walirudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Nikaipeleka kwa mkuu wa ofisi. Aliisoma pole pole. Akauliza kama ninaweza kubadilisha kadi. Nikamwambia kadi ni moja tu, inafutwa mbili inawekwa tatu, lakini orodha ya Jumapili inayofuata ilikuwa imeshachapwa na wateja walikuwa wameshaandika barua zao.

"Na hiyo tatu itadumu mpaka lini?"

"Mpaka Machi."

"Halafu?"

"Mbili tena. Kila mwaka hivyo, mpaka bunge lao libadili mawazo."

Akavua miwani. "Kwa hiyo mashine hii tuliyoambiwa inajua kila kitu inangoja wabunge wa watu."

Aliamuru kila mteja wa Jumapili hiyo apelekewe taarifa, naye ampigie jamaa yake telegramu. Nilizunguka mji siku mbili nikigonga milango. Ilibaki telegramu ya kaka yangu.

Hiyo nilikaa nayo mchana mzima wa Jumatano. Nikiandika "njoo saa nane", atajua ni saa nane ya saa ipi? Labda ni mtu wa kuchelewa kubadilisha saa yake ya mkononi. Labda ameibadilisha ile ya mkononi lakini ya mezani bado. Labda atafikiri saa nane ni ya hapa kwetu. Kila namba niliyoandika niliona njia tatu za kuisoma vibaya. Mwishowe nikaona usalama ni kutotaja saa kabisa. Nikaandika: NJOO SAA MOJA MAPEMA. Maneno manne, yasiyotegemea saa ya mtu yeyote. Nilijisikia kama nimepata jibu safi la hesabu, nikaipitisha fomu kwenye dirisha la posta nikaenda zangu.

Baba alifika Jumamosi, amevaa koti lake la kazi ya zamani. Alifanya kazi gatini Kisumu miaka mingi, akipakia na kupakua meli, na aliujua mji kuliko mimi. Alilala kitandani kwangu, mimi nikalala mkekani. Alikuwa akirudia maneno yake chini chini, ili yasizidi dakika tatu.

Jumapili saa kumi na moja kasoro dakika kumi tulikuwa kwenye benchi. Mama wa simu alimwamkia kwa heshima, akamweleza kwamba akisikia mtu upande wa pili, azungumze palepale, asingoje. "Huko hawangoji, Mzee. Ukinyamaza wanafikiri umekufa."

Baba akacheka. Sikumbuki kumwona akicheka tena mwaka huo.

Tuliingia kibandani pamoja, mlango tukauacha wazi. Saa kumi na moja kamili simu ilianza kulia kule mbali. Ililia muda mrefu. Baba alikuwa ameshika chombo cha simu kwa mikono miwili, kidogo mbali na sikio, kwa hiyo nami nilisikia kila mlio. Kisha mtu akanyanyua.

Baba akaanza mara moja, kwa Kijaluo, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. "Ni mimi baba yako. Mama yako hajambo. Mdogo wako yuko hapa ananisikia. Nataka uniambie mwenyewe, umempa shoka au hukumpa?"

Upande wa pili palikuwa kimya. Halafu sauti ya mwanamke.

Baba akanipa chombo. "Chukua. Si yeye, na huyu hanijui."

Nilimsalimu yule mwanamke kwa Kiingereza. Alisema alikuwa akipita tu, akasikia simu inalia kibandani, akaona vibaya kuiacha. Nikamuuliza kama karibu na hapo yupo kijana Mwafrika, mrefu.

"Alikuwepo," akasema. "Nilipokwenda dukani alikuwa amesimama hapa, na nilipokuwa nikirudi nikakutana naye. Ameondoka sasa hivi, hata dakika kumi hazijapita."

Nilimwomba atazame mtaani. Akatazama. Hakumwona. Mama wa simu akatuonyesha kidole kimoja, dakika moja imebaki. Nilimshukuru yule mwanamke mara mbili au tatu, kisha dakika ile iliyobaki ikapita tukiwa wote wawili tumeshika simu, mimi Kisumu, yeye kwenye kibanda cha mtaa wa kaka.

Nilielewa papo hapo. Kaka alikuwa Uingereza miaka mitatu kabla yangu. Alikuwa ameona saa zikisogezwa, mbele na nyuma, tangu alipofika. Saa zao ziliporudishwa nyuma, alitazama barua yangu, akaona kwamba saa ya Kisumu haijasogea, akasahihisha mwenyewe: si saa tisa tena, ni saa nane. Kisha ikafika telegramu yangu ikimwambia aje saa moja mapema. Naye, kwa kumtii mdogo wake mwenye digrii, akatoka kwenye nane akaenda saba. Nilikuwa nimesahihisha jambo lililokwisha kusahihishwa. Maneno yangu manne hayakutegemea saa ya mtu yeyote, isipokuwa ile aliyokuwa nayo kichwani, na hiyo sikuweza kuiona.

"Anasema nini?" baba akauliza.

Ningeweza kusema lolote. Nilikuwa na chombo sikioni, na kati yetu ni mimi peke yangu niliyejua Kiingereza. Lilinijia wazo, likakaa mbele yangu kama kiti kitupu. Nikasema kweli, si kwa wema, ila kwa sababu sikuwa na nguvu ya kutunga.

"Anasema alikuwepo. Ameondoka."

"Ameondoka kabla sijapiga?"

"Dakika kumi kabla."

Baba akavaa kofia yake. "Aliyeondoka amejibu," akasema.

Njiani kwenda Kaloleni nilimweleza. Nilisimama mara mbili kuchora chini kwa kijiti, duara la saa yao na duara la saa yetu. Nilimweleza bunge lao, kadi, telegramu. Alinisikiliza kwa subira hadi mwisho. Kisha akanikumbusha kwamba zamani, alipokuwa gatini, miaka michache kabla ya Uhuru, serikali ilisogeza saa ya nchi nzima mbele kwa robo saa. Waliambiwa siku moja tu. Kesho yake honi ya kuingia kazini ililia kwa saa mpya, na hakuna mtu aliyechelewa.

"Watu elfu wasiojua kusoma," akasema. "Na nyinyi wawili tu, wote mnajua kusoma."

Tulifika chumbani. Nilimpikia chai. Niliona mikono yangu ikiwasha stovu na kutia majani, nikaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

Barua ya kaka ilifika wiki mbili baadaye. Alikuwa amesimama kibandani tangu saa saba, baridi ikimpiga, akiwaomba wapitaji wasitumie simu. Ilipokaribia saa nane akaingiwa na wasiwasi kwamba labda amesoma vibaya. Akarudi chumbani, mwendo wa dakika kumi, ili aisome telegramu upya. Akaisoma. Akatoka mbio, akakuta kibanda kitupu. Nilipofika hapo nilijua kwamba kweli sisi ni ndugu. Mwishoni aliandika kwamba shoka amenipa, tena kwa furaha, na akamwomba baba msamaha.

Niliipeleka Nyakach. Baba aliniambia nimsomee, nikamsomea neno kwa neno, mama akisikiliza mlangoni. Alipokea karatasi, akaitazama pande zote mbili, akaikunja. "Barua nzuri," akasema, na akaiweka ndani ya koti. Nikamwambia ninaweza kupata nafasi nyingine ya simu mwezi wa Januari, na safari hii hesabu itakuwa kamili. Akasema mtu haulizwi mara mbili kama mtuhumiwa.

Desemba nilipelekwa Nairobi kuitengeneza programu. Kazi yenyewe ilinichukua siku tisa. Nilitupa kadi moja moja za nchi, nikaweka kadi nyingi kwa kila nchi, kila moja ikisema kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani tofauti ni kiasi hiki. Ndani ya mashine nikaweka saa moja tu isiyosogea, na zile za watu zikawa za kuchapwa mwishoni kabisa. Na kwenye karatasi ya mteja nikaongeza mstari wa maneno: mwambie jamaa yako saa, usimwambie mapema wala baadaye. Wenzangu walisifu. Mmoja aliniuliza itakuwaje Waingereza wakibadilisha tarehe zenyewe. Nikamwambia mtu itabidi asome magazeti. Aliona ni mzaha.

Baba alihama Januari, nikiwa bado Nairobi. Hakunipelekea habari. Nilipopata Jumamosi ya mapumziko nikashuka Katito, nikauliza njia, nikaelekezwa juu badala ya chini. Nyumba ilikuwa imeshaezekwa. Jogoo alikuwa akitembea uani kama mwenye mali. Mama alinipokea, na nyuma yake akatoka binamu yetu, mtoto wa ndugu yake baba, mwanamume mwenye mke na watoto wawili. Yeye ndiye aliyebeba shoka. Baba alikuwa amemwazima, kama afanyavyo mtu asiyejaliwa mtoto wa kiume.

Binamu aliona haya. Alinipa kiti chake, akaanza kueleza kwamba yeye aliitwa tu, hakuomba. Nikamwambia amefanya vizuri. Tulikunywa uji. Niliungoja uchungu uje, nikautafuta hata, kama mtu anayegusa jino kwa ulimi, na sikuupata. Kulikuwa na upepo mzuri pale juu. Ziwa lilionekana mbali, bapa, na kando yake nilitambua paa letu la zamani.

Baadaye baba alinizungusha. Alinionyesha mahali patakapokuwa lango, na kando ya lango mahali pa nyumba ya kaka, kulia, na mahali pa nyumba yangu, kushoto. Alikuwa ameshapigilia vigingi. Nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimelizungusha kichwani tangu Novemba.

"Siku ile ya simu, kama ningekuambia kwamba ni yeye, na kwamba amekubali, ungeniamini?"

Alikuwa akijaribu kigingi kwa mguu, kuona kama kimeshika.

"Ningekuamini," akasema. "Ndiyo maana nikamwita mtu mwingine. Kama ningekuamini wewe, kisha ikawa si kweli, balaa lingekuja kwako. Lako wewe, si langu."

"Lakini nilikuambia kweli."

"Najua. Nilisikia ile sauti. Kaka yako hawezi kuwa mwanamke wa Kizungu."

Hakucheka, wala mimi sikucheka. Nilianza kufikiri, kama kawaida yangu, kama hilo lilikuwa neno la huruma au la kunisuta, na kama aliamini kwamba kaka alikataa, au aliona tu kwamba kati ya wana wawili na saa zao hakuna wa kumkabidhi kitu kwa wakati. Nilifika njia ya tatu ya kulisoma, nikachoka.

Binamu alikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya shimo hadi magotini, akichimba choo. Nikavua shati la ofisi, nikalitundika kwenye kigingi cha kushoto, nikaenda kumpokea sururu. Kuhusu choo wazee hawakuwa wameweka sheria ya nani atangulie.